Tunachokikataa na Tunachokinyamazia (Sehemu ya Pili): Funzo la Sungusungu

Katika sehemu ya kwanza nilieleza kwamba sura ya maisha ya mtu hutokana na yale anayoyakataa na yale anayoyanyamazia. Leo nataka tuone namna watu wasio na vyeo wala bunduki wanavyoweza kukataa jambo hadi likaisha. Mfano wake uko Usukuma, na wazee wengi wa Bariadi wameushuhudia kwa macho yao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Bariadi na Maswa zilikuwa bado wilaya za Shinyanga. Mkoa wa Simiyu, zilimo leo, ulizaliwa mwaka 2012. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, na silaha zilikuwa zimezagaa mikononi mwa watu. Wezi wa ng'ombe waliingia usiku na bunduki. Ng'ombe kwa Msukuma ni mahari, ni jembe la kulimia, ni akiba ya siku ya ugonjwa, hivyo zizi likifagiliwa usiku mmoja ukoo mzima unarudi mwanzo. Polisi walikuwa mbali. Watu wakavumilia. Tumefundishwa kwamba mvumilivu hula mbivu, lakini hapa aliyekuwa akila mbivu ni mwizi.

Ndipo sungusungu, walinzi wa kijadi wa vijiji ambao wengine huwaita basalama, walipoibuka upande wa Kahama na Nzega, na kwa muda mfupi wakaenea Usukuma wote. Kila kijiji kilikuwa na mtemi wake, katibu wake na makamanda wake. Silaha zilikuwa pinde na mishale. Mwano ukipigwa, yaani ukelele wa hatari, kila mwanamume mwenye nguvu alipaswa kutoka na kufuata nyayo za ng'ombe, kijiji kikipokezana na kijiji. Aliyebaki kitandani alitozwa faini. Hii faini ya aliyelala naiona kuwa kiini cha jambo lote, kwa sababu ilitangaza kwamba kunyamaza nako ni kosa.

Adhabu iliyoogopwa kuliko viboko ilikuwa kutengwa. Aliyetengwa hakusalimiwa, hakuazimwa jembe, hakusaidiwa palizi, na akifiwa alichimba kaburi peke yake. Majirani nao walilipa gharama: walipoteza msaada wake, na mara nyingine aliyetengwa alikuwa shemeji au ndugu wa damu. Wakakubali. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo ili kuwapa nafasi kisheria.

Lakini haki inanitaka niseme na upande wa pili. Katika nchi hiyohiyo, vikongwe waliendelea kuuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi. Macho yao mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi, ilhali kuni ni adimu kule na mama hupikia mavi makavu ya ng'ombe na mabua ya pamba kwa miaka mingi, moshi ukimwingia machoni. Baadhi ya makundi ya sungusungu yenyewe yaliwaandama wanawake hao na kuwatesa watuhumiwa. Watu waliokataa katakata kuibiwa ng'ombe walinyamazia damu ya bibi zao. Ujasiri waliokuwa nao ulitosha kwa yote mawili. Waliutumia kwa moja.

Mauaji hayo, yaliyokuwapo hata kabla ya sungusungu, ndiyo yaliyoifanya serikali iendeshe msako mkubwa Mwanza na Shinyanga katikati ya miaka ya 1970. Baadhi ya watuhumiwa waliteswa, wengine wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo, hakuwa amempiga mtu. Hata hivyo mwaka 1977 alijiuzulu, akiubeba mzigo wa yaliyotendwa chini ya wizara yake. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Mimi nakuheshimu kujiuzulu kule kuliko vyeo vilivyofuata, maana ni rahisi kumkatalia jirani na ni vigumu kujikatalia kiti chako mwenyewe.

Basi tulete hili nyumbani. Ukitaka kukataa jambo, litangaze mapema, mbele ya mashahidi, pamoja na utakachofanya likitokea. Kisha ujiulize kama uko tayari kulipa gharama yake. Kwa mfano, mke na watoto wanaopalilia pamba msimu mzima wana haki ya kukaa na baba kabla mzigo haujafika kwenye mizani ya chama cha ushirika (AMCOS), wakakubaliana fedha zitaingia wapi. Kungoja hadi zimeishia kilabuni ndiko kunakozaa ugomvi wa kila mwaka.

Na kwako mzazi wa Itilima, Meatu, Maswa, Busega na Bariadi: mshenga atakapokuja na hesabu ya ng'ombe kwa ajili ya binti aliye darasani, ujue kwamba tangu mwaka 2016 kumwoa mwanafunzi ni kosa la kifungo cha miaka 30 jela. Mkatalie hapohapo uani, ndugu zako wakisikia, na kesho yake binti aende shule.