Kushiriki na Kushirikishwa: Mtoto wa Mitaani Katika Utafiti

Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, champa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yamhusuyo. Watafiti hupenda kuiita haki hiyo 'ushirikishwaji'. Neno hili lastahili kuchunguzwa. Limejengwa kwa kauli ya kutendesha na ya kutendwa: mtenda ni mtu mzima, naye aweza pia kutomshirikisha mtoto. 'Ushiriki' humrejesha mtoto mwenyewe katika nafasi ya mtenda. Katika ngazi yenye vipago 8 aliyoieleza Roger Hart mwaka 1992, vipago 3 vya chini si ushiriki hata kidogo. Mtoto hapo ni pambo.

Mwanafunzi wa chuo kikuu amwendeaye mtoto wa mitaani wa Nairobi na hojaji, huku akimwita 'chokoraa', amekwisha kumnyamazisha kabla ya swali la kwanza. Jina hilo humtambulisha mtoto kwa jaa analochokora. Tena mtoto huyo hujieleza kwa Sheng, lugha ambayo baadhi ya wahadhiri bado huiona uhuni. Majibu yake yakisanifishwa, kinachopotea mara nyingi ni kile hasa alichotaka kusema. Ustadi wa kuisikiliza Sheng wafaa kufundishwa pamoja na takwimu.