Stempu za Mzungu na Msitu wa Kisangani

Wajukuu zangu, sogeeni. Kisa cha leo kinaanzia mbali, na kinaanza na vikaratasi.

Zamani, kabla simu hazijafika huku kwetu Kabambare, mtu aliyetaka kumpasha ndugu yake habari alimwandikia barua, na juu ya bahasha akabandika kikaratasi chenye picha kuonyesha kwamba amelipia safari ya barua ile. Hiyo ndiyo stempu. Ulaya wapo watu wanaokusanya stempu za kale na kuuziana kwa fedha nyingi. Msiniulize kwa nini. Mmoja wao aliitwa Jakob von Uexkull. Jambo moja lilimkera. Kulikuwa na tuzo kubwa ya Nobel kwa wanasayansi, waandishi na wapatanishi, lakini haikuwepo ya wanaolinda mazingira, wala ya wanaohangaikia shida za maskini. Akawaendea wenye Nobel, akawaambia: ongezeni, nami nitachangia fedha. Wakakataa. Basi akauza stempu zake, na mwaka 1980 akaanzisha tuzo yake mwenyewe, Right Livelihood, inayotolewa huko Stockholm, mji mkuu wa Sweden.

Mwaka 2009 mmoja wa waliopewa tuzo hiyo alikuwa Mkongomani, René Ngongo, mzaliwa wa Goma, aliyesomea biolojia katika Chuo Kikuu cha Kisangani. Msiseme Kisangani ni mbali na sisi. Maji ya mto wetu wa Luama yanaingia Lualaba. Lualaba inapita Kindu, inashuka hadi Ubundu, inavuka maporomoko ya Wagenia, na ikifika Kisangani inaitwa Mto Kongo. Tukiuharibu mto huku juu, wanaokunywa uchafu wetu ni wao.

Huko Kisangani, mwaka 1994, Ngongo na wenzake waliunda chama cha wapenzi wa mazingira. Jina lake la Kifaransa ni refu, ila ukichukua herufi za mwanzo unapata OCEAN, yaani bahari. Jina la bahari katikati ya msitu! Hawakuanza na fedha. Walianza wakiwa kikundi cha wenyeji waliojitolea, na moja ya kazi walizoshika ilikuwa mbabula.

Ndiyo, mbabula hii hii ya bati ambayo mama anapikia sombe. Bati halizuii joto. Makala yakiwaka, joto jingi linatokea ubavuni na chini, linapasha hewa ya uani badala ya sufuria, na mama anaongeza makala tena. Lakini ukiizungushia ndani udongo wa mfinyanzi, ukaubana mdomo wake ili sufuria ikae karibu na moto, joto linabaki mahali linapotakiwa, na gunia la makala linakaa siku nyingi zaidi. Na hayo makala yanatoka wapi? Mti unaangushwa, unapangwa, unafukiwa kwa udongo na majani, unachomwa polepole. Sehemu kubwa ya ule mti inaondoka na moshi: kilo moja ya makala imekula kilo kadhaa za kuni. Kwa hiyo jiko linalotumia makala kidogo linaokoa miti ambayo mpishi hatakaa aione.

Tena mti si kuni peke yake. Mizizi inavuta maji kutoka chini, majani yanayatoa hewani, maji yanapanda kuwa wingu, wingu linakuwa mvua upande mwingine. Msitu wetu wa bonde la Kongo ni wa pili kwa ukubwa duniani katika misitu ya nchi za joto, baada ya ule wa Amazon, na mvua nyingi inayounyeshea imetokana na pumzi yake wenyewe. Vilevile mti huifungia ndani yake kaboni, ambayo mti ukichomwa hurudi hewani na kuzidi kuipasha dunia joto. Mkulima anayeupanda mpunga wake akitazamia mvua ya mwezi wa tisa, kisha mvua ikamdanganya, ana sababu ya kuuliza habari za msitu.

OCEAN walifanya na mengine: vitalu vya miche, mashamba yanayochanganya miti na chakula, mafunzo kwa njia ya redio. Redio ni jambo kubwa kuliko mnavyodhani. Kijiji kisicho na barabara kinaweza kuwa na redio moja, na chini ya mwembe watu ishirini wakaisikiliza.

Kisha vita vikaja, mnajua habari zake kwa wazee wenu. Kuanzia mwaka 1996 majeshi yalipita huku na huku, na kila mwenye bunduki alitaka mbao, dhahabu, almasi, koltani. Ngongo aliendelea kufuatilia ni mali gani inachukuliwa na nani anaichukua. Mtu angeweza kuuawa kwa kazi hiyo. Mwaka 2002 serikali ilisimamisha utoaji wa vibali vipya vya kukata mbao, lakini vibali vikaendelea kutoka. Yeye na wenzake wakapiga kelele.

Sasa niseme langu. Tuzo ina kasoro yake. Inamwita mtu mmoja jukwaani, inampiga picha, na wale waliomwagilia miche, waliobeba udongo wa majiko, walioshinda mikutanoni wakati wa njaa, hawapo kwenye picha. Wala haileti mvua. Faida yake naiona kwingine: mtu ambaye jina lake limesikika hadi Sweden, si rahisi kumnyamazisha gizani. Na watoto wakisikia kwamba aliyezawadiwa ni mtu wa mto wao, wanajua kwamba kuita mkutano nako ni kazi ya kishujaa, sawa na kushika mpira wa penalti.

Tuzo hiyo hiyo alikwisha kuipata Wangari Maathai wa Kenya, mwaka 1984, miaka ishirini kabla ya Nobel yake. Alianza mwaka 1977 kwa kupanda miti saba Nairobi. Wataalamu wa misitu hawakuamini kwamba wanawake wa vijijini wasio na cheti wanaweza kuotesha miti. Wakaotesha, wakilipwa senti chache kwa kila mche uliopona. Uliopona, nimesema, si uliopandwa. Kupanda siku ya sherehe kila mtu anaweza. Na mwaka 2005 nchi zetu za bonde la Kongo zilimfanya yeye, mama wa Kikikuyu, kuwa balozi wa msitu wetu.

Huku Kabambare hatuwezi kungojea balozi. Tuna mashamba yanayokula pori, tuna tanuri za makala, tuna mashimo ya dhahabu upande wa Salamabila yanayotaka miti ya kuyaegemeza. Ila tuna sheria pia, na hii nataka muishike kichwani. Sheria ya misitu ya mwaka 2002 inasema kijiji kinaweza kupewa msitu ambao mababu zake walikuwa wakiutumia kwa desturi. Amri ya Agosti 2014 ikaeleza namna: msitu usizidi hekta 50,000, ambayo ni kama mraba wenye kilomita 22 kila upande, gavana wa jimbo ndiye anayetia saini, kwetu yuko Kindu, na ukishapewa ni wenu daima. Hamuuzi. Mnautunza na mnakula humo: uyoga, viwavi, asali, dawa, hata mbao kwa utaratibu.

Lakini sultani wa kijiji hawezi kwenda kuuomba peke yake akiwa na mbuzi wa zawadi. Lazima watu wakutane, wakubaliane, yaandikwe waliyokubaliana. Lazima pawepo mkutano wa jamii nzima, kamati ya kuendesha, kamati nyingine ya kuichunguza ile ya kwanza (hiyo naipenda sana), na baraza la wazee la kuamua magomvi. Lazima pawepo ramani, na ramani haichorwi bila kuafikiana na majirani: mpaka unafuata kijito gani, mlima gani, kaburi la nani.

Nimeona mikutano ya namna hiyo ikivunjika kwa sababu vijana walikaa nyuma na mama walikuwa jikoni, na wanaume watatu wakaamua yote. Baadaye mpaka ukakataliwa na wale walioujua vizuri kuliko wote, yaani mama wanaochota maji.

Kwa ajili ya ramani yetu, vijito vyote hadi Luama mimi ninavijua kwa majina, na tutavipitia kimoja kimoja. Kuandika ndiko macho yangu hayawezi tena. Mwenye daftari lisilochanika alilete kesho, na aje na mama yake.