Ubao wa Shaba na Neno "Dawa": Maneno ya Mafundi wa Tarime na Serengeti

Katika makala haya nimekusudia kueleza jinsi fundi wa redio awezavyo kutengeneza nyumbani kile kibao chenye njia za umeme kiitwacho "bodi", na maneno yatumikayo katika kazi hiyo. Niliyoyaandika niliyasikia katika karakana mbili, moja Tarime mjini, ya pili Mugumu, wilaya ya Serengeti. Wenyewe nyumbani husema Kikuria au Kingoreme. Lakini mbele ya pasi ya kulehemu lugha yao ni Kiswahili.

Kwanza jina. Chombo hiki aghalabu hunasibishwa na Paul Eisler, mhandisi mzaliwa wa Vienna aliyehamia Uingereza mwaka 1936. Waingereza walikipa jina litokanalo na kupiga chapa, ndiyo sababu nimewahi kusikia darasani ikipendekezwa "saketi chapwa". Pendekezo hilo lina kasoro mbili. Kilicho chapwa ni mchuzi usio na chumvi; nilipomtajia fundi wa Mugumu jina hilo alicheka hata akaiweka pasi yake chini. Tena, njia za umeme hazikupigwa chapa juu ya ubao. Shaba yote imo tangu mwanzo, na kazi ni kuiondoa ile isiyotakiwa. Ndivyo afanyavyo mchonga milango wa Unguja: huondoa mti wa pembeni, ua likabaki limeinuka. Mimi ningeiita kazi hii kutia nakshi, walakini sina tamaa ya kulishinda neno "bodi", ambalo limekwisha kuota mizizi.

Sasa kazi yenyewe. Ubao ni wa nyuzi za kioo zilizoshikwa kwa gundi ya epoksi, na juu yake pana utando wa shaba ambao kwa kawaida unene wake ni sehemu 35 za elfu za milimita moja. Utando huo husuguliwa mpaka ung'ae, kwa maana alama ya kidole tu yatosha kuiharibu kazi. Njia huchorwa kwa kalamu ya wino usiofutika. Au, mwenye mashine ya leza, huzichapa kwenye karatasi laini ya gazeti la picha, kisha huilaza karatasi juu ya shaba na kuikandamiza kwa pasi ya moto. Wino wa unga huyeyuka na kuhamia shabani. Hapana budi maandishi yachapwe kinyume, kama yaonekanavyo katika kioo, ili yakihamia yasomeke sawasawa. Karatasi hurowekwa majini na kusuguliwa taratibu kwa kidole.

Baadaye ubao hutiwa katika maji ya kloridi ya chuma, yenye rangi ya kahawia iliyoiva. Chuma huachia sehemu ya klorini yake, shaba huipokea na kuyeyuka. Iliyofunikwa na wino husalimika. Mafundi husema dawa "inakula" shaba, na sioni neno bora kuliko hilo. Maji yakiwa na vuguvugu na yakitikiswa, hula upesi zaidi. Chombo kiwe cha plastiki au kioo. Atakayetumia sufuria ataliwa sufuria yake. Mwisho wino hufutwa, na matundu hutobolewa kwa keekee ndogo, aghalabu ya milimita 0.8 au 1.

Neno lililonishughulisha ni hilo "dawa". Katika Kiswahili dawa ni ya homa, ni ya mbu, ni ya viatu, ni ya mganga. Upana huo ni utajiri wa lugha, lakini karakanani ni hatari. Katika karakana ya Tarime niliikuta dawa hiyo ndani ya chupa ya soda, kando ya chupa ya chai, na mtoto wa fundi akicheza hapo. Rangi yake na ya soda hazikuachana sana. Yeyote angeambiwa kuwa ile ni dawa, asingeambiwa kuwa ni sumu.

Hata baada ya kazi sumu haiishi, bali huzidi, kwa kuwa sasa maji yana shaba, na shaba iliyoyeyuka huua samaki. Vijito vya huku huingia Mto Mara, nao humwaga katika Ziwa Victoria. Yafaa fundi atie magadi kidogo kidogo, mahali penye hewa, maana povu hupanda kwa nguvu. Shaba na chuma hushuka chini kama tope, na tope hilo hufungwa katika chombo, lisitupwe kisimani wala mtoni.

Nilimshauri fundi wa Tarime aandike "tindikali". Akasema, "Mwalimu, tindikali ni maji ya betri, hii si yenyewe." Ni kweli, mkemia naye angeiita chumvi. Nikamjibu kwamba neno chumvi ndilo baya kuliko yote, na kwamba tindikali kila mtu huiogopa. Akakubali, akaandika "TINDIKALI YA SHABA". Kisha akauliza, "Na huyu asiyejua kusoma?" Akapigilia rafu juu ya mlango, akaipandisha chupa huko.