Safari ndefu ya mchanga kabla ya kuwa paneli ya sola

Na MWANDISHI WETU

MACHONI pa mpita njia, mchanga ni mchanga tu. Lakini kwa mwenye kiwanda, ule mweupe unaopatikana Waa, Tiwi na Ramisi katika Kaunti ya Kwale si sawa na ule unaozolewa mitoni Machakos na Makueni kwa ajili ya ujenzi.

Mchanga wa mtoni huwa umechanganyika na udongo, chuma na chembe za mawe ya kila aina. Ule wa Kwale una kiwango kikubwa cha silika, yaani muungano wa silikoni na oksijeni. Silika ndiyo malighafi kuu ya kioo, na humohumo ndimo hutoka silikoni inayogeuza miale ya jua kuwa umeme.

Kazi ya kwanza ni kuusafisha. Mchanga huchekechwa, huoshwa ili kuondoa udongo, kisha hupitishwa penye sumaku zenye nguvu zinazonasa chembe za chuma. Chuma kikizidi kidogo tu, kioo huwa na rangi ya kijani. Chupa haidhuriki kwa rangi hiyo, lakini kioo kinachofunika paneli ya sola sharti kiwe angavu ili mwanga upenye.

Silika ikiwa peke yake huyeyuka katika joto linalopita nyuzi 1,700 za sentigredi. Ndiposa viwanda vya kioo huichanganya na magadi, ambayo hupunguza joto linalohitajika, na chokaa, ambayo huzuia kioo kudhuriwa na maji. Hapa Kenya imejaliwa, kwani magadi huchimbwa katika Ziwa Magadi, Kaunti ya Kajiado, nayo mawe ya chokaa yamejaa Pwani.

Kutengeneza silikoni ni kazi ngumu zaidi. Hata mchanga safi mara nyingi haufai, kwa sababu chembe zake ndogo huziba njia ya hewa tanurini. Badala yake, hutumiwa vipande vya jiwe la kwatzi, ambalo nalo ni silika. Huchomwa pamoja na makaa katika tanuri la umeme lenye joto la nyuzi zipatazo 2,000. Kaboni ya makaa hunyakua oksijeni, nayo silikoni hubaki. Kila tani moja hula takriban uniti 12,000 za umeme.

Hata hapo safari haijaisha. Silikoni hiyo huwa na usafi wa takriban asilimia 99, ilhali seli ya sola huhitaji angalau asilimia 99.9999. Kwa hivyo hugeuzwa kuwa kiowevu kwa gesi ya kloridi ya hidrojeni, hukenekwa, hurejeshwa kuwa yabisi, kisha hukatwa vipande vyembamba mno.

Umeme wa bei nafuu na viwanda vikubwa vimeiwezesha Uchina kutawala biashara hii. Mwaka 2022, Shirika la Kimataifa la Kawi lilisema nchi hiyo ilishikilia zaidi ya asilimia 80 ya kila hatua ya utengenezaji wa paneli. Hata kiwanda cha kuunganisha paneli kilichofunguliwa Naivasha mwaka 2011 kilitegemea seli kutoka ng'ambo.

Kwa Kwale, basi, hatua iliyo karibu ni kuusafisha mchanga na kutengeneza kioo, wala si silikoni. Tofauti hiyo ina uzito mifukoni mwa wenyeji. Sheria ya Madini ya 2016 inatenga asilimia 10 ya mrabaha kwa jamii ya mahali pa uchimbaji na asilimia 20 kwa kaunti. Mrabaha hukokotolewa kutokana na thamani ya mauzo, na mchanga uliosafishwa huuzwa ghali kuliko ule unaopakiwa lorini ukiwa ghafi.

Hata hivyo, vumbi la silika ni hatari. Likivutwa kwa muda mrefu huacha makovu mapafuni yasiyo na tiba, na tangu 1997 limeorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani. Kulowesha mchanga kwa maji na kuwapa wafanyakazi barakoa zinazofaa hupunguza madhara hayo.

Mashimo nayo yasipofukiwa, mkulima hubaki bila shamba baada ya malori kuondoka. Mambo haya yafaa yaandikwe katika mkataba kabla ya koleo la kwanza kuzamishwa ardhini.