Tepu Kwanza, Silanti Baadaye

Wasee wa baike wenye hushuka kutoka Ngong kuelekea Magadi wanajua miba za hiyo saiti hazina huruma. Migunga inamwaga miba kwa njia, mbigiri nazo zimejificha kwa vumbi, na tyubu ya kawaida haichukui muda. Msee anadungwa, anashuka, anabandika kiraka na sulusheni, anapanda, na kabla mbogi ianze stori ingine, amedungwa tena. Ndio maana nashow kila mtu mwenye huchapa njia za vumbi ahamie tyubulesi. Unatoa tyubu kabisa, tairi inajishikia kwa rimu, na ndani unamwaga silanti, ile maji nzito ya mpira. Mwiba ukitoboa, upepo inasukuma silanti kwa shimo, inaganda hapo, na wewe unaendelea kukanyaga.

Pia unapata kushusha presha. Ukiwa na tyubu na upepo ni kidogo, ukigonga jiwe rimu inabana tyubu na kuitoboa mara mbili. Bila tyubu, msee wa kilo 70 hivi anaweza kuwa na psi 22 mbele na 25 nyuma, na kwa mizizi ya Karura tairi inashika vinoma. Mavic ya Ufaransa ilileta mfumo wake wa UST 1999, so hii maneno imekaa. Ati ni ya masonko pekee? Zii. Kenye inahitaji ni uvumilivu.

Anza kwa kucheki alama ya TLR ama UST kwa tairi na kwa rimu, ya kuonyesha zinakubali tyubulesi. Baike mob za mtumba, hasa zile za inchi 26, ziko na rimu za kitambo zenye hazina kingo ya kushika mdomo wa tairi, na presha ikipanda tairi inaweza kuruka nje. Kama yako iko hivyo, baki na tyubu, tafuta ile yenye roho ya valvu inafunguka, umwage silanti ndani yake. Inasaidia sana na hakuna mtu ataumia.

Sasa tepu ya kuziba mashimo ya spoki ndani ya rimu, na hapa ndio wengi hukimbia. Toa ule ukanda wa zamani, osha rimu na sabuni, ikauke, kisha upanguse na spiriti ya duka la dawa hadi kitambaa kitoke kisafi. Kidole chenye kilishika cheni kikigusa hapo, mafuta inabaki na tepu haitashika. Tepu inafaa kupita upana wa ndani wa rimu na milimita 2 ama 3, ndio ipande kidogo kwa kuta. Anzia upande wa pili wa shimo la valvu. Ivute hadi uione ikinyooka, uikandamize na kidole gumba, katikati kwanza, alafu kwa kona. Ukiona kiputo cha hewa, kisukume hadi kitoke kando. Zungusha mara mbili.

Ukimaliza, shimo la valvu litoboe na msumari wenye umechomwa kwa moto, ju wembe unaacha mpasuko wenye utazidi kuchanika. Kisha weka tyubu na tairi, ujaze, uache hadi asubuhi. Tyubu italaza tepu vizuri kuliko kidole cha mtu yeyote. Kesho yake fungua upande mmoja tu wa tairi, utoe tyubu. Ule mwingine tayari umekaa. Kwa shimo la valvu, pitisha valvu ya tyubulesi. Nati ya valvu kaza na mkono. Ukitumia plaisi, siku utadungwa porini haitafunguka.

Kujaza, toa roho ya valvu, paka povu ya sabuni kwa midomo ya tairi, uende petroli stesheni. Valvu nene ya Schrader inaingia kwa hiyo mashine moja kwa moja. Presta inataka adapta. Tairi italia paa, paa, ikikaa. Usipite psi yenye imeandikwa kwa tairi ama kwa rimu, na wachana na wale wa kulipua tairi na spirei na kiberiti. Kisha mwaga silanti kupitia valvu, kama mililita 100 kwa inchi 29 na 70 kwa 26, urudishe roho ya valvu, ujaze tena, utikise, ulaze gurudumu juu ya ndoo, kila upande dakika kadhaa.

Sasa umeamka unapata tairi imelala. Wengi hukimbilia kuongeza silanti, na hapo ndio doh inapotelea. Silanti inaziba shimo la mwiba; tepu mbaya haiirekebishi. Jaza hadi 35, chukua maji ya sabuni, upake polepole ukiangalia. Povu ikitokea ndani ya valvu, kaza roho yake ama uibadilishe. Ikitokea mdomoni mwa tairi, kuna matope ama rimu imebonyea. Vitone vidogo ubavuni mwa tairi mpya visikushtue, siku chache za kuendesha vitaisha. Lakini povu ikichomoka kwa spoki, tepu imeshindwa. Hapa kuwa rada: upepo inapita kwa katundu kamoja ka tepu, inazunguka ndani ya rimu, inatokea mahali pengine kabisa, hata kwa nati ya valvu. So usibandike kiraka kwa spoki yenye inatoa povu. Fungua yote, piga tepu upya.

Silanti hukauka, na kwa joto inakauka haraka zaidi. Kila miezi 3 hivi tikisa gurudumu. Usiposikia kitu ikicheza ndani, ongeza. Shimo kubwa inazibwa na kamba ya mpira, dada mdogo wa ile ya mafundi wa tairi za gari. Na bado beba tyubu moja, ju ubavu ukichanika silanti haitoshi. Kabla uiweke, pitisha kitambaa ndani ya tairi uchomoe miba zote, zile zenye silanti ilikuwa imeziba bila wewe kujua. Hapo ndani huwa mob.