Rufaa Katika Kesi za Kusababisha Kifo kwa Kuendesha Gari kwa Hatari
Nchini Tanzania, dereva aliyetiwa hatiani katika Mahakama ya Wilaya kwa kosa hili anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu, kupinga hatia, adhabu au vyote viwili. Tunasisitiza muda: taarifa ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na sababu za rufaa huwasilishwa ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu. Mfungwa huwasilisha hati zake kupitia Mkuu wa Gereza.

Tunatahadharisha: aliyekiri kosa kwa kawaida husikilizwa kuhusu adhabu tu, na Mahakama Kuu, yenye uwezo wa kupunguza adhabu, yaweza pia kuiongeza.