Shule ya Chumba Kimoja

Jina la Wamennonite si geni kwa watu wa Mara. Mwaka 1934 wamisionari wao kutoka Marekani walifika Shirati, na kazi waliyoianza ndiyo iliyozaa Kanisa la Mennonite Tanzania. Lakini huko Pennsylvania, katika kaunti ya Lancaster, wapo Wamennonite wa mapokeo ya kale, wakulima wanaosafiri kwa magari ya farasi hadi leo. Anayetaka kuzijua mila zao na aanzie shuleni.

Shule yenyewe ni chumba kimoja kando ya mashamba. Wazazi huijenga na kuitunza kwa fedha na jasho lao, na kamati ya akina baba ndiyo inayomwajiri mwalimu. Mara nyingi mwalimu ni msichana ambaye hajaolewa, aliyeishia darasa la nane katika shule kama hiyo hiyo. Naye hufundisha madarasa yote manane peke yake au na msaidizi mmoja.

Anawezaje? Baada ya Biblia na nyimbo za asubuhi, huita darasa moja mbele lisome kwa sauti, huku mengine yakifanya hesabu kimya. Wa darasa la pili akikwama, wa darasa la saba humwelekeza. Mdogo naye huku anaandika, huku sikio liko kwa wakubwa. Zamu yake ikifika, somo si geni tena. Wakati wa baridi, viazi vya mchana huiva juu ya jiko lile lile linalopasha darasa joto. Nyumbani wanasema Kijerumani cha Pennsylvania. Kiingereza hufundishwa hapa.

Baada ya darasa la nane, mtoto huendelea kujifunza shambani, jikoni na karakanani. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Waamishi wa Wisconsin, ndugu zao wa imani, iliamua kwamba jimbo haliwezi kuwalazimisha kupita hapo.

Kwangu, darasa la nane halimtoshi mtoto anayetamani udaktari. Hata hivyo, wazazi hawa hawajamwachia mtu mwingine malezi ya wanao, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mzazi mwenzangu, muhula huu fika shuleni kabla hujaitwa.